Mwisho wa Mkasi Sita

Basi la kutoka Kibondo lilimwaga abiria wake Ushirombo saa sita kasoro mchana, siku ya Jumapili, baada ya springi ya nyuma kukatika na dereva kuchoka kudanganya kwamba watafika Kahama hivyo hivyo. Wenye ndugu mjini walibeba mabegi yao wakapotelea vichochoroni. Wengine walijibanza kwenye kivuli cha ukuta wa stendi wakaanza kumtukana utingo. Mmoja tu alibaki juani, mwanamume wa makamo mwenye begi la mgongoni, akisoma vibao vya maduka kimoja baada ya kingine kama aliyeambiwa kuna mtihani. Steshenari ya kwanza ilikuwa imefungwa. Ya pili imefungwa. Ya tatu ilikuwa na kufuli, na mbuzi amelala mlangoni.

Euphrasia alimwona kupitia dirisha la studio yake, akajua kwamba atakuja. Saa ile watu walikuwa bado misheni au wako mezani kwao. Mlango uliokuwa wazi ni wake peke yake, na ulikuwa wazi kwa sababu alikuwa na kazi ya watu isiyosubiri.

"Habari za hapa, mama," alisema yule mtu, amesimama kizingitini. "Naona una kompyuta. Natafuta yenye mtandao. Nusu saa tu."

"Mashine ipo. Mtandao haupo."

"Bando ninalo kwenye simu. Ninachokosa ni kompyuta. Kuna fomu ya kazi lazima niijaze kabla ya saa nane, na kwenye simu inakataa. Nilitegemea saa hizi niwe Kahama."

"Hujanielewa, baba. Mashine hii haionji mtandao. Ni mwaka wa pili sasa."

Mgeni alicheka kidogo, akidhani ni utani, kisha akauona uso wake akaacha. Hakubishana. Aliomba akae tu kivulini mpaka basi litengenezwe, na Euphrasia akamsogezea kiti cha plastiki, kwa kuwa kumnyima mtu mashine ni jambo moja, na kumnyima kiti ni jingine.

Kwenye kioo cha kompyuta, bwana harusi alikuwa anakata keki.

Jina la bwana harusi huyo lilikuwa Boaz, na kesho yake, Jumatatu, saa nne asubuhi, ilikuwa misa ya kumbukumbu ya mwaka tangu duara lilipomfukia huko kwenye machimbo. Duara, ndivyo wachimbaji wadogo wanavyoyaita mashimo yao. Lile lilikuwa limeonyesha ufa tangu mvua za mwanzo, wachimbaji walisema, na mwenye duara aliwaambia asiyetaka kuingia aache nafasi, vijana wako wengi. Boaz aliingia. Mwenye duara mwenyewe, bwana mmoja aitwaye Januari, alikuja msibani na magunia matatu ya mchele.

Ubaya ni kwamba miaka sita kabla ya hapo, huyo huyo Januari ndiye aliyekuwa msimamizi wa harusi ya Boaz. Yumo kwenye filamu yote. Amesimama kulia kwa bwana harusi kanisani, amemshikia koti kwenye keki, amecheza naye mbele ya kamera huku ameshika noti mdomoni. Baada ya misa ya kesho watu wangekusanyika nyumbani kwa mama yake Boaz, filamu ya harusi iwekwe, watoto wa marehemu wamwone baba yao. Na Mama Boaz alikuja studio wiki mbili nyuma, akakaa kwenye kiti kile kile cha plastiki, akasema neno moja.

"Nitolee huyo mtu."

Mtu wa kwingine angeshangaa. Euphrasia hakushangaa, kwa sababu ndiyo kazi yake. Mahali pengi harusi ikishapigwa picha na kuhaririwa imekwisha. Wateja wake hawajui harusi iliyokwisha. Mtoto akizaliwa, wanarudi kwa Euphrasia, Mama Noela kama wanavyomwita: Mama Noela, tufungulie harusi yetu, umweke mtoto. Nyumba ikiezekwa bati, wanarudi. Mke akiondoka na vyombo vyake, mume anarudi mwenyewe, kofia imeshuka usoni, na hasemi amefuata nini mpaka wateja wengine watoke. Shangazi akigombana na ukoo, anatolewa. Akipatanishwa, anarudishwa. Ndiyo maana tangu mwanzo Euphrasia alipiga kila harusi kwa kamera tatu, hata pale mteja alipolipia moja. Kwenye mashine alizipanga hizo kamera tatu katika safu tatu, moja juu ya nyingine, zinakwenda sambamba. Ukitaka kumtoa mtu, unatafuta pale anapoonekana kwenye safu ya juu, unaikata, na safu ya chini inatokea ikiwa na upande mwingine wa ukumbi ambako hayupo. Kazi ya subira tu. Wimbo hauruki, kicheko hakikatiki.

Alishamtoa hata mume wake mwenyewe. Baba Noela alipohamia Geita na mwanamke wa kuuza vifaa vya machimbo, Euphrasia alikaa na mkanda wa harusi yake siku mbili, akamwondoa mpaka kivuli. Ilibaki harusi nzuri kabisa, ya mwanamke aliyevaa shela, anayecheka na watu, anayeolewa na ukumbi.

Ya Boaz ilikuwa ngumu kuliko hiyo. Januari alikuwa mtu wa kujipitisha mbele ya kamera. Wiki mbili zilikuwa zimemtoa kanisani, barabarani, na sasa kwenye keki. Zilibaki zawadi na muziki, saa tatu za kazi kama umeme haukatiki. Mama Boaz angekuja saa kumi kuichukua.

Saa sita na nusu alisimama, akamimina michembe aliyoipika na karanga kwenye bakuli, akagawana na mgeni. Michembe ni viazi vitamu vilivyokaushwa, na mgeni alivila kama mtu ambaye hakula tangu Kibondo.

"Kwa nini haionji mtandao?" aliuliza, mdomo umejaa.

Angeweza kumjibu kwa kifupi. Lakini hakuna mtu mjini aliyekuwa anamuuliza tena swali hilo, na waliokuwa wanauliza walikuwa wanauliza ili wacheke.

Programu anayofanyia kazi, alisema, wenyewe wanaiita Mkasi, kwa sababu ya alama yake. Alijifunza Mkasi Tatu pale misheni, miaka kumi na saba iliyopita, kwa padri mmoja mzee aliyekuwa anarekodi ubatizo. Akanunua Mkasi Tano, akapandishwa bure hadi Sita. Alinunua, alirudia, kwa dola, kwa mkono wa padri aliyekuwa anasafiri, na risiti ilikuwa ukutani ndani ya fremu, imepakana na picha ya komunyo ya mwanawe Noela. Kanda nzima hii, kuanzia Mhunze mpaka Geita, hakuna mhariri mwingine mwenye Mkasi wa kununua. Wote waliupata kwa Thobias wa Kagongwa, kwenye sidii aliyoiandika kwa kalamu nyekundu, pamoja na namba za kuudanganya. Thobias ni Msukuma mwenye mwili mkubwa na sauti ya kanisani, mtu wa utani, na kila alipomwona Euphrasia alimwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," yaani habari za mchana, mama, kisha akamuuliza kama ameshaungama dhambi ya kulipia kitu cha bure. Naye alimjibu kwamba siku polisi wakija atampelekea uji mahabusu.

Ndipo ikaja Saba.

"Unajua kuingia jikoni kwako asubuhi ukakuta mtu amehamisha mafiga, chumvi ameificha, na ameandika barua kwamba hivi ndivyo unavyopenda?" Euphrasia alimwambia mgeni. "Ndiyo Saba."

Safu zilikuwa zimeondolewa. Wenye kampuni walisema zimepitwa na wakati. Picha sasa zilinatana kama sumaku: ukigusa moja, zote zinasogea, ukifuta moja, zilizobaki zinakimbilia kuziba pengo. Kwa mtu anayetengeneza tangazo la nusu dakika ilikuwa raha. Kwa mtu mwenye harusi ya saa nne na shangazi wa kutolewa ilikuwa mateso. Na kubwa kuliko yote, Saba haikufungua kazi za zamani. Harusi zote za miaka kumi na mitano zilionekana kama karatasi za kijivu zenye alama ya kuuliza, mpaka walipoifuta na kurudisha Sita.

Kundi la wasapu la wahariri lilikuwa na watu kumi na mmoja. Siku hiyo lilipokea ujumbe mia nne. Watu walitukana kwa lugha tatu. Edson wa Mhunze alisema atarudi kulima dengu. Thobias alituma sauti ya dakika sita, akilia kweli kweli, kwamba wametufanya wajinga, wametuzika hai. Wakakubaliana kukutana Kagongwa, kwenye ghala la mashine ya mpunga ya shemeji yake Thobias, na wakaja wote, hata wa Geita.

Kiapo kilikuwa wazo la Thobias. Kila mmoja aje na flashi yenye kazi yake mbovu kuliko zote, ile ambayo angekufa kuliko ionekane. Waliziweka zote kwenye ungo. Thobias akazipepeta kama mchele, na kila mmoja akaokota moja isiyo yake akaenda nayo nyumbani. Atakayehamia Saba, aliyeshika flashi yake ataimwaga kwenye makundi yote ya wateja kuanzia Shinyanga mpaka Ushirombo. Walicheka sana siku ile. Walikula wali kwenye sinia moja. Wakamchagua Euphrasia katibu, kwa sababu Kiingereza chake ni cha masista, aandike barua kwa kampuni.

"Wakajibu?"

"Dakika ileile. Walisema asante kwa maoni yako, maoni yako ni muhimu kwetu. Nikaandika tena. Asante kwa maoni yako. Nikajua hapo hakuna mtu."

Flashi aliyoiokota yeye ilikuwa ya Thobias. Ilikuwa imening'inia kwenye msumari juu ya mashine, imefungwa uzi mwekundu. Ndani yake kulikuwa na harusi ya kwanza aliyowahi kupiga Thobias, huko Isaka, ambamo watu wote hawana vichwa.

Wa kwanza kuhama alikuwa wa Geita. Alisema amelazimika, mgodi unataka video zao kwa Saba. Watu wakamtukana siku mbili. Lakini aliyekuwa na flashi yake hakuimwaga, alisema tumpe muda. Kisha aliyesema tumpe muda naye akahama. Baada ya hapo hakuna aliyetangaza. Ulijua tu kwa kuona harusi ya mtu imetoka siku ya pili badala ya mwezi wa pili, yenye herufi zinazozunguka. Wateja wapya, vijana, walipenda. Walitaka kipande cha dakika moja cha kuweka kwenye simu. Hao bado walikuwa hawajaachana na mtu.

Wateja wa zamani waliotaka harusi zao zifunguliwe, wale wahariri waliwaelekeza kwake. Nendeni Ushirombo, kwa yule mama, ana mashine ya makumbusho. Aliwapokea. Thobias mwenyewe alimletea hadi diski nzima, harusi sabini, akasema kaa nazo, mayu, wewe ndiye mwaminifu wetu. Alilitamka neno lile kama mtu anayemsifu ng'ombe kwa kutopiga mateke.

"Kwa hiyo nikachomoa kidude cha kunasia mtandao," alimaliza, akafungua droo akamwonyesha kopo la siagi. Ndani yake kulikuwa na kitu kidogo kama kidole cha mtoto, kimezungushiwa plasta ya kidonda mpaka hakionekani. "Nimekifunga nisije nikajisahau. Mashine isiyojua kwamba kuna Saba haiwezi kuitamani."

Mgeni alikitazama kile kidude kwa heshima, akafuta vidole.

"Basi usikifungue," alisema. "Fomu zipo nyingi duniani."

Alisema hilo kwa upole, na alikuwa anamaanisha. Akatoa kitabu begini akaanza kusoma. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini.

Hapo simu ya Euphrasia ililia. Ilikuwa ni kundi. Mtu alikuwa amebadilisha jina la kundi. Badala ya *Wahariri Kanda ya Dhahabu* lilisomeka *Saba Kanda ya Dhahabu*, lenye picha ya Mkasi mpya. Chini yake watu walikuwa wanapongezana. Edson wa Mhunze, yule wa dengu, alikuwa ameweka kipande cha harusi chenye herufi zinazozunguka, na Euphrasia akatambua kwamba Edson ndiye alikuwa wa mwisho. Alikuwa anamhesabu upande wake mpaka juzi. Kisha ikaja sauti ya Thobias, naye akaisikiliza bila kufikiria kwamba mgeni anasikia.

"Ndugu zangu, tumebaki na mtawa mmoja tu kule Ushirombo. Tusimsumbue. Siku akifa tutamzika na mashine yake, na risiti yake tutaiweka msalabani." Watu tisa walituma vicheko.

Euphrasia aliweka simu kifudifudi. Aliitazama flashi ya uzi mwekundu, ambayo ingeweza kumwaibisha Thobias dakika ile ile, na akaona kwamba haiwezi. Kumwonyesha nani? Makundi yote ya wateja wasimamizi wake ni hao hao kumi. Kiapo kilikuwa na nguvu siku watu wote walipokuwa na aibu. Walipoiacha kwa pamoja, flashi ilibaki flashi.

Na huyu mgeni ambaye hamjui, aliyemwambia usifungue, alikuwa anakosa kazi kwa ajili ya kiapo ambacho hakuna aliyekishika. Ndivyo lilivyomjia. Kwamba alikuwa amekaa miaka miwili akilinda mlango wa nyumba iliyohamwa, na sasa anamzuia mpita njia kunywa maji.

"Lete simu yako," alisema.

"Mama, hapana, nilikwambia..."

"Lete. Nusu saa uliyosema. Nami nataka kuona kama nitapigwa radi."

Alibandua plasta kwa meno. Ilikuwa imeshika na kuacha gundi nyeusi. Akachomeka kidude, mgeni akawasha mtandao wa simu yake, akakaa kwenye mashine akajaza fomu, herufi kubwa, jina la baba, jina la mama, na saa nane kasoro dakika kumi ikakubali. Alishukuru mara tatu. Euphrasia akachomoa kidude akakirudisha kwenye kopo. Radi haikupiga. Alijisikia mwepesi, hata akatania kwamba kwa mshahara wa kwanza aletewe kitenge.

Kisha akakaa, akafungua harusi ya Boaz ili amtoe Januari kwenye zawadi.

Kikatokea kibao cheupe katikati ya kioo. Aliusoma ule ujumbe mara mbili kwa Kiingereza chake cha masista. Ulimtaja kwa jina kamili, lile lililo kwenye risiti. *Mpendwa Euphrasia. Leseni yako ya Mkasi Sita imefikia mwisho wake. Tumekuandalia Mkasi Saba.* Chini kulikuwa na sehemu mbili za kubonyeza, *Hamia sasa* na *Nikumbushe baadaye*. Alibonyeza nikumbushe baadaye, Mkasi ukajifunga. Akaufungua tena. Mpendwa Euphrasia. Akazima mashine, akahesabu mpaka thelathini, akawasha. Mpendwa Euphrasia.

"Ni nini?" mgeni aliuliza, amesimama nyuma yake.

Alikuwa anaelewa taratibu, kama mtu anayesikia mlango unafungwa vyumba vitatu mbele. Mikasi ya wizi haiulizi kwa mwenyewe, imefundishwa kudanganya. Wale kumi wangeweza kukaa na Sita zao na mtandao wazi mpaka mwisho wa dunia. Mkasi wake yeye ulikuwa wa halali, una jina lake, na siku ulipoona mtandao ulifanya kitu cha halali: ukapiga hodi kwa wenyewe kuuliza kama bado unaruhusiwa kuishi.

"Ni risiti yangu," alisema.

Mgeni alielewa, akaweka mkono mdomoni. Alianza kusema samahani, naye akamkata. "Si wewe. Plasta nilibandua mimi." Akamweleza kwa maneno machache habari za Boaz na yule mtu wa kutolewa.

Ilikuwa saa nane na robo. Januari alikuwa bado amesimama ndani ya ile mashine, kwenye zawadi na kwenye muziki, ana noti mdomoni, na wiki mbili za kazi zilikuwa humo pamoja naye. Filamu ya zamani iliyokamilika ilikuwepo, kila mtu anayo, na kila mtu anamwona Januari humo. Kuanza upya kwa kamera tatu ni wiki nyingine mbili. Misa ni kesho saa nne.

Alimpigia Thobias.

"Mwadila, mayu!" Sauti ilikuwa na kelele za watu na muziki nyuma yake. "Leo umetukumbuka?"

"Thobias, ile sidii yako ya Mkasi Sita. Ya kalamu nyekundu. Bado unayo?"

Kicheko kilianza tumboni kikapanda taratibu. "Mayu. Sijasikia vizuri. Unataka nini?"

"Umesikia."

"Mwenye risiti anataka cha wizi?"

"Thobias, ni harusi ya Boaz. Kumbukumbu ni kesho. Mama yake anakuja saa kumi."

Kicheko kikakatika. Kwa muda Euphrasia alidhani ameguswa, na labda aliguswa kweli, kwani alikuwa amemfahamu Boaz. Lakini kulikuwa na watu karibu naye wanaosikiliza, na Thobias hakuwahi kuweza kuwa mtu mwema mbele ya watu.

"Ninayo. Lakini siwezi kukutumia, haitumwi kwa simu. Njoo Kagongwa na boksi la mashine, nikuwekee mwenyewe. Umalizie hapa hapa, usiku kucha ukitaka, nitakupa kioo na kiti." Akashusha pumzi. "Ila uje na ile flashi yangu. Nimechoka kuiota. Na kabla hujafika uandike kwenye kundi kwamba umehamia."

"Sijahamia. Nakuja kwako kwa sababu sitaki kuhamia."

"Andika tu, mayu. Neno moja. Tupumzike sote."

Alikata simu bila kuaga. Alichomoa nyaya za mashine moja moja, akalifuta boksi vumbi, akalifunga kwenye kanga mbili kama linaenda kliniki. Aliitungua flashi kutoka kwenye msumari akaifunga kwenye pindo. Mgeni alisimama akajaribu kusaidia, na kila alichoshika kilikuwa si cha kushikwa.

"Niende na wewe," alisema. "Nikubebee."

"Wewe utakaa hapa." Akampa ufunguo. "Basi lenu halitoki leo, springi inatafutwa Kahama. Saa kumi atakuja mama mmoja mfupi, mweusi, ana kilemba cha zambarau. Jina lake Martina, lakini mwite Mama Boaz. Umwamkie shikamoo, tena uiname kidogo, wazee wa huku hawapendi mtu anayesalimia amesimama wima kama mlingoti. Mpe kiti. Mwambie..."

Akakaza fundo la kanga. Mgeni alisubiri, ufunguo mkononi.

"Mwambie Mama Noela amekwenda Kagongwa, atarudi na harusi kabla ya misa. Usimwambie zaidi ya hapo."

"Na akiuliza kama huyo mtu ametoka?"

"Mwambie ametoka kanisani na kwenye keki."

Gari la kwenda Kahama, ambako angeunganisha la Kagongwa, lilikuwa linaunguruma stendi. Alipata kiti cha dirishani, akalipakata boksi, na kondakta akataka kuliweka kwenye buti, Euphrasia akamtazama tu, kondakta akaenda kumsumbua mwingine. Gari lilikuwa bado linatafuta abiria wa mwisho. Euphrasia alifungua simu. Kundi lilikuwa bado linacheka. Akaandika neno moja, akalifuta, akaliandika tena. *Nimehamia.* Akatuma. Vidole gumba vya pongezi vikaanza kupanda, tisa, kwa jina moja moja, na Thobias akaweka maua.

Gari likasogea. Alipoinua macho aliona kilemba cha zambarau kinavuka barabara kuelekea studio. Ilikuwa bado haijafika hata saa tisa. Mama Boaz alikuwa amewahi, ana jogoo mweupe kwapani, miguu imefungwa kitambaa, zawadi ya mtu aliyekuja kuchukua kitu kilichokwisha. Mlangoni mgeni alisimama haraka kutoka kitini. Akainama kidogo, kama alivyofundishwa. Mama Boaz akampa jogoo amshikie, akachungulia ndani kwenye meza ambako mashine haikuwepo, kisha akageuka kuiangalia stendi.

Euphrasia alivuta pazia la dirisha, akaegemeza kidevu juu ya boksi.